Fomu kwanza, bahasha baadaye: semina za Rukuba tunazipimaje?



Leo naomba tuongelee ile karatasi ya mwisho. Kila aliyewahi kukaa semina anaijua. Saa kumi jioni imefika, mgeni rasmi ameshafunga, mwenye boti anaangalia ziwa halafu anaangalia saa, na wewe mawazo yako yote yako kwenye bahasha. Hapo ndipo mnagawiwa fomu ya tathmini. "Mafunzo yamekidhi matarajio yako kwa kiasi gani?" Pembeni kuna visanduku vitano, kuanzia hafifu mpaka nzuri sana. Unatiki nzuri sana kutoka juu mpaka chini kama mtu anayechora mstari, unarudisha, unasaini, unapewa chako. Fomu kwanza, bahasha baadaye.

Nayajua haya kwa sababu nimekaa upande wa pili wa meza. Mimi ndiye niliyekuwa nagawa hizo fomu.

Kwa wasiopajua, Rukuba ni kisiwa ndani ya Ziwa Victoria, upande wetu huu wa Mara. Ni kijiji kimojawapo katika kata ya Etaro, Halmashauri ya Wilaya ya Musoma. Vijiji vyenzake vya kata hiyo viko nchi kavu, chenyewe kiko majini, kwa hiyo kila kitu kinakwenda kwa boti: sementi, chumvi, mgonjwa, na semina pia. Watu wanaishi kwa samaki. Sangara ndiye anayetajwa magazetini kwa sababu anasafirishwa nje, ila kinachoonekana ukishuka mwaloni ni dagaa. Dagaa wametandazwa mchangani kama zulia, na wanaowatandaza na kuwageuza ni akina mama.

Semina ninayoisema ilifanyika tarehe 20 mpaka 22 Februari 2023. Shirika silitaji, kwanza walinilipa vizuri, pili tatizo si lao peke yao. Mada ilikuwa kuanika dagaa kwenye chanja badala ya mchangani. Mimi kazi yangu ilikuwa ukarani: kuandikisha majina asubuhi, kugawa kalamu na madaftari, kubandika yale makaratasi makubwa ukutani, na mwisho kukusanya fomu na kuzichapa kwenye kompyuta ziwe ripoti. Nimemaliza kidato cha nne, naandika andika hapa, na kuchapa nachapa haraka. Kazi kama hiyo huwezi kuikataa.

Niseme mapema, mada yenyewe ilikuwa sahihi kabisa. Dagaa wa mchangani anakuwa na mchanga (hilo halihitaji semina), na wengi wa namna hiyo mwisho wake ni chakula cha kuku. Dagaa wa kwenye chanja anapata hewa juu na chini, anakauka haraka, anakuwa msafi, na ndiye anayefaa kwenda mbali, soko la Kirumba kule Mwanza na kuvuka mipaka mpaka Congo. Mwezeshaji alilieleza hili vizuri, kwa mifano, na alikuwa anachekesha. Kama ningeulizwa mimi ningempa nzuri sana bila kuhongwa.

Fomu zilirudi 42. Kwenye swali la jumla, 39 walitiki nzuri sana. Nikachapa, nikaweka na kale kachati ka duara, likajaa rangi moja karibu lote. Ripoti ikaenda kwa wafadhili. Kila mtu akafurahi, na mimi pia.

Agosti mwaka huo huo nikarudi Rukuba kwa shughuli zangu nyingine kabisa. Kiangazi, jua kali, dagaa wamejaa. Nikahesabu chanja. Mbili. Moja ilikuwa na dagaa, nyingine imeanikwa nyavu na nguo za watoto. Dagaa wote waliobaki walikuwa palepale walipokuwa Februari, mchangani.

Nikamkuta mama mmoja ninayemkumbuka vizuri, alikuwa anakaa mstari wa mbele siku zote tatu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mmekuja na semina nyingine?"

Nikamwambia hapana, napita tu. Tukaongea ya hapa na pale, mwisho nikamuuliza, mama, mbona chanja sizioni, na wewe fomu yako ulijaza nzuri sana? Akanishangaa kidogo.

"Si ilikuwa nzuri? Yule kijana alifundisha vizuri, na chakula mlipika. Mliniuliza semina, nikajibu semina. Chanja hamkuniuliza."

Jamani. Nilikaa pale mwaloni karibu siku nzima na daftari, nikauliza mmoja mmoja. Hakuna aliyekuwa amesahau somo. Walikuwa wanalijua kuliko mimi, wananitajia mpaka urefu wa miguu ya chanja kutoka ardhini. Lakini kila mmoja alikuwa na sababu yake, na hakuna hata sababu moja kati ya hizo iliyokuwa na kisanduku kwenye fomu yangu.

Ya kwanza ni mbao. Kisiwani miti ya kukata ovyo hakuna, mbao na nyavu za kutandika juu zinatoka nchi kavu kwa boti, na boti ina nauli ya mzigo. Pale semina tuliambiwa hilo lina dawa: undeni kikundi, muombe mkopo wa halmashauri. Ni ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo sheria inazitaka halmashauri zitenge, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Wakaunda kikundi kweli, wakachanga ada, wakaandika katiba. Mwezi Aprili 2023 serikali ikasimamisha mikopo hiyo nchi nzima ili kupanga upya utaratibu, kwa sababu fedha nyingi zilikuwa hazirejeshwi na vikundi hewa vilikuwa vingi. Mikopo ilikuja kurudi mwaka 2024. Kwa hiyo miezi miwili tu baada ya semina, mlango tuliowaonyesha ukawa umefungwa, na sisi ripoti yetu ilikuwa imeshachapwa na kuwekwa kabatini. Hakuna aliyerudi kuwaambia, wala kuwauliza sasa mnafanyaje.

Ya pili ilinigusa zaidi. Mnunuzi anayekuja pale mwaloni anapima kwa ndoo, na wengi wao bei ni ile ile, wa chanja na wa mchanga. Akifika kwake anachanganya au anatenganisha, hiyo ni faida yake. Mama akiweka gharama ya mbao halafu anauza kwa bei ya jirani yake wa mchangani, amepata nini zaidi ya sifa? Mmoja aliniambia alijaribu wiki tatu, akaacha. Yaani semina iliwafundisha waanikaji, ila aliyetakiwa kubadilika ni mnunuzi, na mnunuzi hakualikwa! Ingekuwa tumeuliza swali moja tu la maana, "nini kitakuzuia kufanya hiki tulichokufundisha?", hilo lingetoka siku ile ile ya tatu, mezani, tukiwa bado wote tupo.

Ya tatu ni mwezi. Hii nacheka ila inauma. Dagaa wanavuliwa gizani. Wavuvi wanaingia ziwani jioni na taa, zamani karabai na siku hizi nyingi ni za sola, dagaa wanafuata mwanga, wanazungushiwa wavu. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa wanatawanyika, taa haina kazi, na watu wanapumzika siku kadhaa wanashona nyavu. Kila mtoto wa mwaloni anaijua hii kalenda. Sasa angalieni: tarehe 20 Februari 2023, siku tuliyofungua semina, ndiyo siku mwezi ulikuwa umeandama. Giza totoro. Mavuno yako kwenye kilele chake. Mitumbwi inaingia alfajiri, dagaa wanatakiwa watandazwe na kugeuzwa jua likiwaka, na sisi saa tatu asubuhi tunawaita wakae chini ya turubai kusikiliza namna ya kuanika dagaa! Dagaa wakabaki wanalindwa na watoto wasiliwe na kuku na ndege. Ilikuwa Jumatatu hadi Jumatano, siku za shule. Tungekuja wiki mbili nyuma, tarehe 6 mpaka 8, mwezi ulikuwa umetoka kujaa na watu wana nafasi. Kwenye fomu kulikuwa na swali "Je, muda wa mafunzo ulitosha?" Wakatiki ulitosha. Ulitosha kweli. Hatukuuliza kama ulikuwa muda WAO.

Sasa mtaniuliza, kwani hawakuweza kusema? Kulikuwa na mistari mitatu ya "maoni mengine" kule chini. Kwenye fomu 42 nilikuta maoni ya maana mawili, mengine ni "asanteni sana Mungu awabariki" na "semina ziongezwe siku". Hii ya kuongeza siku msiichukulie kama kiu ya elimu, siku moja ni posho moja.

Kuna mambo mawili hapa. La kwanza ni woga, na woga wenyewe una historia. Kule mbele palikuwa pamekaa watu wa serikali, na mtu wa mwaloni anapomuona mtu wa serikali ana karatasi hakumbuki elimu, anakumbuka operesheni. Mwaka 2018 Operesheni Sangara ilipita mialo ya Ziwa Victoria, nyavu zikachomwa moto hadharani, watu wakatozwa faini. Sisemi kwamba nyavu haramu ziachwe, samaki wachanga wakimalizwa tumekwisha wote. Nasema mtu aliyeona wavu wa tajiri wake ukiteketea hawezi kuandika kwenye fomu ya ofisi kwamba "mambo yenu haya hayatekelezeki". Fomu ilisema jina si lazima. Lakini niliyekuwa nakusanya ni mimi, mwenye orodha ya mahudhurio mkononi, napokea mmoja mmoja kwa mpangilio wa viti. Jina si lazima kitu gani?

La pili ni langu mimi, na naliandika hapa kwa sababu sijaliandika kwenye ripoti. Kati ya zile fomu 42, kumi na moja nilizijaza kwa mkono wangu. Wenyewe kusoma kulikuwa kunawasumbua, wengine hawakuja na miwani, wengine Kiswahili cha fomu ("ufanisi wa mbinu shirikishi") kilikuwa hakiwaingii, na mimi Kijita changu ni cha kuombea maji. Mwenye boti anapiga kelele kwamba upepo unakuja. Namuuliza bibi, ilikuwaje? Anasema nzuri. Natiki nzuri sana, mistari yote kumi na miwili. Kile kirangi kwenye kachati ka duara, kipande chake kizuri tu ni kalamu yangu.

Nikaanza kusoma soma mtandaoni nione wenzetu wanafanyaje. Kumbe kitu chenyewe ni cha zamani. Mwaka 1959 Mmarekani mmoja, Donald Kirkpatrick, mwalimu wa chuo kikuu kule Wisconsin, aliandika kwamba mafunzo unayapima kwa ngazi nne. Kwanza, washiriki wameyapokeaje. Pili, wamejifunza nini. Tatu, wakirudi kazini wanafanya nini tofauti. Nne, hayo waliyobadilisha yameleta matokeo gani. Fomu yetu iliishia ngazi ya kwanza, tena ikaishia mlangoni mwake. Ngazi ya pili ningeweza kuipima kwa maswali matano asubuhi ya kwanza na yale yale jioni ya mwisho. Ya tatu ilikuwa ni kuhesabu chanja tu, kazi ya nusu saa, nauli ya boti kwenda na kurudi. Ya nne ni kumuuliza mama, ndoo unauza shilingi ngapi sasa. Hakuna hata moja inayotaka profesa.

Na msidhani kukuta mafunzo hayajabadilisha kitu ni aibu ya kufichwa. Kule Kenya kulikuwa na kazi ya Uwezo, wale wanaopima watoto wa shule kama wanajua kusoma na kuhesabu. Wazazi walikuwa wanapewa matokeo ya watoto wao na maelekezo ya nini wanaweza kufanya, wazo likiwa kwamba mzazi akishajua ataamka. Watafiti watatu kutoka vyuo vya Marekani, Lieberman, Posner na Tsai, wakaenda vijijini baadaye kuangalia wazazi wamebadilika nini, wakilinganisha na wasiopewa. Mwaka 2014 wakachapisha jibu: hawakuona tofauti ya maana. Utafiti wa namna hiyo unauma ukiwa wewe ndiye mwenye mradi, lakini ndio unaokufanya ujiulize mzazi anakwama wapi, badala ya kuchapa vipeperushi vingine. Hebu fikirieni kama mimi na kachati kangu ndio tungetumwa kule. Wazazi asilimia kubwa tu wangeonekana "wameridhika sana".

Tatizo ni kwamba huku kwetu semina yenyewe imekuwa bidhaa. Norad, shirika la misaada la Norway, walitoa utafiti mwaka 2012 kuhusu posho katika Ethiopia, Malawi na Tanzania, na picha waliyoikuta tunaijua: posho zinafanya watu wawinde semina, semina zinakuwa ndefu na nyingi kuliko hitaji, na anayechaguliwa kwenda si lazima awe anayehusika na kazi. Rukuba ilikuwa hivyo hivyo. Nikipitia majina yangu, waliokuwa wanaanika dagaa kwa mikono yao hawakufika hata nusu. Waliobaki ni wajumbe wa hiki na kile, matajiri wenye mitumbwi, na jamaa zao. Mimi ndiye niliyeandika majina na sikuuliza kitu.

Na wakubwa hawawezi kutucheka. Tunakumbuka semina elekezi ya Ngurdoto mwaka 2006, baraza jipya la mawaziri limefungiwa Arusha linafundwa. Tathmini yake iko wapi? Mimi sijawahi kuiona. Mwishoni mwa 2015 serikali mpya ikabana semina za mahotelini, tukashangilia sana, lakini hapo pia kilichopimwa ni gharama. Swali la semina ipi ilisaidia na ipi haikusaidia lilibaki pale pale, kwa hiyo mbaya na nzuri zote zilikatwa kwa panga moja.

Halafu kuna wanaosema dawa ni kufuta posho. Mimi nasita. Yule mama akikaa siku tatu chini ya turubai wakati wa giza, ameacha kazi ya siku tatu. Mwezeshaji analipwa, dereva analipwa, karani nimelipwa, yeye ndiye awe wa kujitolea? Posho apewe, ila itenganishwe na fomu. Mpeni bahasha yake asubuhi ya siku ya mwisho, kisha mumuulize maswali jioni ambapo hana cha kupoteza. Asiyesoma asijaziwe na karani. Wekeni makopo mawili nyuma ya pazia na kila mtu apewe punje ya mahindi, kopo hili "nitafanya", kopo lile "sitaweza", halafu kaeni chini muongee juu ya kopo la pili. Hilo nimelijaribu mwenyewe ile Agosti, bila pazia wala posho, na makopo ya rangi niliyookota. Akina mama kumi na nne. Kopo la "sitaweza" liliingia punje kumi na mbili, na hakuna aliyenuna, maongezi yalikwenda mpaka jua likazama.

Simu nazo zipo. Twaweza kwenye Sauti za Wananchi wamekuwa wakipigia kaya simu tangu 2013, wanauliza, wanarudia tena baada ya muda. Kama wao wanaweza nchi nzima, shirika lenye washiriki 42 na namba zao zote kwenye orodha ya mahudhurio linashindwa nini kupiga baada ya miezi mitatu? Zile namba niliziandika mimi. Nijuavyo hazijawahi kupigwa hata moja.

Na wapelekeeni majibu. Hili ndilo lililonishangaza zaidi kule mwaloni. Hakuna hata mtu mmoja aliyekuwa anajua fomu zilienda wapi. Mzee mmoja alidhani zinahesabiwa kwa ajili ya posho, wengine walidhani ni mtihani, na kuna aliyeniuliza kama alifaulu.

Sababu zote nilizoandika kwenye daftari nilizichapa kurasa mbili, nikawapelekea wale walioniajiri. Sikutegemea kitu. Lakini kwa haki niseme walinijibu, tena kistaarabu, wakasema imepokelewa na itaingizwa kwenye maandalizi ya awamu ya pili. Wakaniuliza na kama nitakuwa na nafasi ya ukarani tena. Nikasema nafasi ninayo, mnaanza lini? Wakanitumia tarehe.

Nikafungua kalenda ya mwezi kwenye simu. Giza.